Wasomaji wa Stoo ya Shangazi Kanini

Siku Hasina alipoleta wazo la kusoma kitabu pamoja likizo ya Agosti, Nduku alikubali kabla hajauliza wangekutana wapi. Alifurahi tu kwamba ameulizwa yeye kwanza. Wawili hao walikuwa wamekaa dawati moja kwa miaka mitatu, tangu Hasina na mama yake wahamie Kambu kufungua hoteli ndogo ya chai na pilau kando ya barabara kuu.

"Tutakuwa wanne," Hasina alisema. "Mimi, wewe, Mutie, na binamu yako Mbinya. Kitabu ni kimoja, kwa hivyo tutasoma kwa sauti, kila mtu kurasa tano, halafu anampa mwingine. Tukimaliza sura tunaongea juu yake."

"Tutakaa wapi?"

"Kwa stoo ya shangazi yako Kanini. Kwetu kuna kelele za malori, na kwa akina Mutie kuna watoto wengi. Shangazi amesema ni sawa bora tusichezee mahindi yake."

Stoo hiyo ilikuwa upande wa chini kabisa wa kijiji, ng'ambo ya kijito kilichokauka. Baada ya hapo hakukuwa na nyumba nyingine, ni vichaka tu mpaka kwenye mbuga ya wanyama. Njia ya kwenda huko ilipita mahali ambapo baba yake mdogo, Nzomo, alikutwa asubuhi moja mwaka uliotangulia. Alikuwa ametoka mapema kumwagilia miche yake ya machungwa, akakutana na ndovu, akakimbia. Watu walizitazama nyayo zake mchangani, hatua ndefu ndefu, kisha nyayo za ndovu juu yazo. Nduku alifika pale kabla watu wazima hawajamwona na kumfukuza. Alichokumbuka ni kiatu kimoja cha akala, kimekaa sawasawa katikati ya njia, kana kwamba mtu amekivua kwa adabu kabla ya kuingia nyumbani.

Tangu siku hiyo hakupita njia ile peke yake. Nyumbani walifikiri ameshasahau, kwa sababu hawakumwona akilia. Hasina hakufikiri hivyo.

"Nitakuja kukuchukua," alimwambia. "Kila siku. Na nitakurudisha mpaka mlangoni."

"Ni mbali kwako."

"Nina miguu."

Na kweli alikuja. Kila siku saa nane na nusu Nduku alimwona akipanda kutoka upande wa barabara, hijabu yake imefifia kwa jua, begi begani. Wakati mwingine alisimama njiani kuvuta pumzi, kwa maana alikuwa na pumu na vumbi la Agosti halikumpenda. Alitoa pampu yake ya kifua ndani ya begi, akaivuta mara mbili, akaendelea na safari kama mtu aliyesimama kufunga kamba za viatu.

Kitabu kilikuwa riwaya ya muuguzi aliyepelekwa kufanya kazi katika zahanati ya jangwani, akakuta yule aliyemtangulia ametoweka na hakuna aliye tayari kusema alikwenda wapi. Mutie, ambaye alikuwa na miaka kumi na tano na sauti iliyokuwa ikivunjika, alisoma mbio mbio na kumeza mwisho wa kila sentensi. Mbinya alikuwa na miaka kumi na mmoja tu, na alisimama kila mara kuuliza neno. Hasina alibadilisha sauti kwa kila mhusika. Nduku alisoma polepole, lakini hakuna aliyemharakisha. Walikalia magunia ya mahindi, wakabishana kama mlinzi wa zahanati ndiye mwenye makosa, na kwa saa mbili kila siku Nduku alisahau vichaka vilivyokuwa nyuma ya ukuta.

Wiki ya pili habari zikaanza. Kwanza ilikuwa kinyesi cha ndovu karibu na kisima cha kanisa. Kisha michungwa miwili ya mzee Musyimi ikapatikana imevunjwa. Askari wa wanyama walipita kijijini na gari lao, wakasema ni madume wawili wametoka mbugani kutafuta maji, na wanafuatwa. Watu watembee wawili wawili, waingie nyumbani mapema, na mtu akikutana nao asikimbie.

"Sasa asipokimbia afanye nini?" Nduku alimwuliza mama yake.

"Sijui, mwanangu. Labda ndio maana wanasema usiende."

Lakini hakumkataza. Shangazi Kanini naye alisema watoto wako salama kuliko mtu mwingine yeyote, maana wako ndani na mlango unafungwa kwa komeo. "Huo ukuta ni wa matofali," alisema.

Nduku alijua kwamba matofali yale yaliunganishwa kwa udongo, si kwa saruji, kwa sababu alikuwepo siku ukuta ulipojengwa. Usiku alilala akihesabu safu za matofali kichwani. Mara mbili alikusudia kumwambia Hasina kwamba hataendelea. Mara mbili alimwona akipanda na begi lake, akachukua viatu. Aliwaogopa ndovu, lakini aliogopa pia kusikia kwamba kikundi kinaweza kuendelea vizuri tu bila yeye.

Jumatano ya wiki ile walifika saa tisa kama kawaida. Hasina alitundika begi lake kwenye msumari karibu na dirisha, kwa sababu sakafu ilikuwa na vumbi la mahindi. Mutie akafunga komeo. Ilikuwa zamu ya Mbinya. Alikuwa amefika mahali ambapo muuguzi anafungua kabati la dawa, na alikuwa akisoma kwa kidole, neno kwa neno, aliposimama.

"Sioni," alisema.

Wote walidhani anauliza neno. Kisha Nduku akaona kwamba kweli chumba kimeingia giza. Dirisha lilikuwa limezibwa. Kilichoziba kilikuwa cha rangi ya majivu, na kilikuwa na mikunjo, na kilikuwa kikisogea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanga ukarudi. Hakukuwa na mlio wowote, hata wa kijiti kuvunjika. Kisha wakasikia mngurumo, chini sana, ambao Nduku aliusikia zaidi kwenye magoti kuliko masikioni.

Mutie alisimama. Nduku alimwona akitazama mlango, akajua anachotaka kufanya. Alimshika shati kwa mikono yote miwili.

"Usifungue."

"Niachilie. Tukikimbia mpaka kwa kijito..."

"Nzomo alikimbia," Nduku alinong'ona. "Niliona hatua zake."

Sauti yake haikuwa kama yake. Mutie alimtazama, kisha akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

Hasina aliwaonyesha kwa mkono kona ya mbali, nyuma ya magunia. Wakatambaa mmoja mmoja mpaka huko, Mbinya katikati, na Hasina akamziba mdomo kwa kiganja chake. Mbinya hakuwa akilia. Alikuwa akinong'ona sala ya Jumapili, ileile moja, akifika mwisho anaanza tena.

Ndovu wa kwanza alikuwa amenusa mahindi. Walisikia ngozi yake ikikwaruza ukuta, na udongo ukaanza kuanguka kati ya matofali kwa vumbi jembamba. Kisha ukuta ukasukumwa. Haukupigwa, ulisukumwa tu, kama mtu anavyosukuma mlango ambao hana hakika kama umefungwa. Dirisha lilitoka na fremu yake na wavu wake, na matofali ya pembeni yakaporomoka ndani. Vumbi lilijaa mpaka Nduku hakuona mikono yake. Lilipotulia kidogo kulikuwa na shimo mahali pa dirisha, pana kama meza, na mkonga ulikuwa ndani ya chumba.

Ulitembea juu ya magunia kama kitu chenye akili yake chenyewe. Ulipapasa gunia la kwanza, ukaliacha, ukapapasa la pili, ukalipasua. Mahindi yalimwagika sakafuni. Mkonga ukayakusanya, ukatoka nje, na wakasikia meno yakisaga. Baada ya muda ukarudi.

Nduku alikuwa amebana mgongo kwenye ukuta wa nyuma. Alikuwa baridi mwili mzima, na bado jasho lilimtiririka. Alifikiri, huyu ndiye. Hakuwa na sababu ya kujua kama ni ndovu yuleyule aliyemuua baba yake mdogo, na hakuna mtu angeweza kumwambia, lakini wazo hilo liliingia na halikutoka.

Ndipo Hasina akaanza kukohoa.

Alikohoa ndani ya hijabu, mdomo umezibwa, mabega yakitikisika. Vumbi la udongo na la mahindi lilikuwa limemwingia. Kikohozi kikakoma na badala yake ikaja ile sauti ambayo Nduku aliijua, filimbi nyembamba kila akivuta hewa. Hasina aligeuza macho kutafuta begi lake. Lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari, kwenye kipande cha ukuta kilichobaki kimesimama, karibu na shimo kiasi kwamba mkonga ulipoingia uliligusa na likabembea.

Mkonga ulitoka. Nduku alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alifika kumi na moja kabla haujarudi. Ulitoka tena, akahesabu tena, kumi na mbili. Kulikuwa na nafasi. Mtu angeweza kutambaa, kuchukua begi na kurudi. Mutie alikuwa amefunika kichwa kwa mikono. Mbinya alikuwa mtoto. Hasina hakuweza kusema, lakini alikuwa akimtazama Nduku, na Nduku akaangalia pembeni. Aliangalia gunia lililokuwa mbele yake. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa buluu. Aliufuata uzi ule kwa macho kutoka kona moja mpaka nyingine, na mkonga ukaingia, na ukatoka.

Alipogeuka tena, midomo ya Hasina ilikuwa imebadilika rangi. Ilikuwa imeingia kijivu, na shingo yake ilikuwa ikizama ndani kila akijaribu kupumua, na filimbi ilikuwa imekaribia kunyamaza.

Nduku hakuamua. Baadaye alijaribu kukumbuka ni wapi aliamua, na hakupaona. Mkonga ulitoka, naye alikuwa tayari amelala kifudifudi, akitambaa juu ya mahindi yaliyomwagika, yakimchoma viwiko. Pumzi tatu. Matofali yalikuwa ya moto kwa jua. Pumzi sita. Alipiga magoti, akanyoosha mkono, akashika ukanda wa begi. Ukanda ulikuwa umejifunga kwenye msumari. Aliuvuta, haukuachia. Aliuvuta tena, msumari ukatoka pamoja nao, na kwa shimo lile Nduku aliona jicho.

Lilikuwa dogo kuliko alivyotegemea, na lilikuwa na kope ndefu. Lilimtazama.

Alijiangusha chini juu ya begi na mkonga ukaingia juu yake. Alisikia pumzi yake kisogoni, joto, yenye harufu ya majani yaliyochacha. Ncha yake ilikuwa na unyevu na nywele ngumu. Iligusa sikio lake, ikagusa shingo, ikashuka mgongoni polepole na kusimama kiunoni. Nduku hakusali. Hakumwita mama yake. Alikuwa amejaa hofu mpaka hakukuwa na nafasi ya kitu kingine, na mkojo ulimtoka akausikia kama jambo linalompata mtu mwingine. Mkonga ukapuliza, ukaondoka mgongoni, ukachukua mahindi karibu na kichwa chake, ukatoka.

Alirudi kinyumenyume, begi mdomoni kama mbwa anavyobeba kitu. Vidole vyake havikuweza kufungua zipu. Mutie ndiye aliyeifungua. Alitoa pampu, akaitikisa, akamwekea Hasina mdomoni na kubonyeza, na wote watatu wakangoja kuona kama kifua kitapokea. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya tatu Hasina alivuta hewa kidogo. Mara ya tano filimbi ikarudi, na Nduku hakuwahi kusikia sauti aliyoitaka zaidi ya ile.

Walikaa hivyo muda ambao hakuna kati yao aliyeweza kuusema. Magunia manne yaliliwa. Ndovu wa pili alisikika akivunja tenki la maji nyuma ya stoo. Kisha kwa mbali wakasikia watu wakigonga mabati na sufuria, honi ya gari, na milio miwili ya bunduki hewani. Shangazi Kanini alikuwa ameona mabega ya ndovu kutoka shambani kwake na kuwapigia simu askari wa wanyama, kisha akakusanya majirani. Mkonga ulitoka kwenye shimo na haukurudi tena.

Shangazi aliingia kwa shimo lilelile bila kungoja komeo lifunguliwe. Alimgusa kila mmoja kichwani kwa kiganja, wanne, kisha akaanza tena kutoka wa kwanza.

Hasina alipelekwa zahanati kwa gari la askari na akarudi kwao siku iliyofuata. Wazazi wa wote waliamua kwamba hakuna mtoto atakayevuka kijito tena mpaka ndovu warudishwe. Mama Hasina alitoa meza ya nyuma katika hoteli yake, akasema waje wasomee pale, kelele ya malori haijaua mtu. Mutie na Mbinya walikwenda Jumamosi. Nduku hakwenda. Hakwenda Jumatatu wala Jumanne. Alisema kichwa kinamuuma. Alikaa jikoni kwa mama yake, mahali ambapo hakukuwa na dirisha, na kila ng'ombe alipopita nje alibana mgongo ukutani.

Alhamisi Hasina alikuja mwenyewe. Alimwamkia mama Nduku, akakaa kwenye kigoda bila kuombwa, akavuta ungo wa ndengu zilizokuwa zikichambuliwa na kuanza kutoa mawe. Mama alitoka kwenda kuchota maji. Wasichana wakaendelea kuchambua.

"Mama anasema uliniokoa," Hasina alisema. "Anataka kuja kumshukuru mama yako. Analeta hata mahamri."

"Mwambie asije."

"Kwa nini?"

Nduku alishika jiwe dogo kati ya vidole. Alikuwa amelala na maneno hayo siku nane, na sasa yalikuwa mazito kuliko alivyodhani.

"Ule mkonga ulitoka mara nne kabla sijaenda," alisema. "Niliona begi. Nilijua kuna nini ndani. Niliona unaniangalia, nikaangalia kando."

"Najua."

"Unajua?"

"Si nilikuwa nakuangalia." Hasina alipepeta ungo kidogo, akasogeza ndengu upande mmoja. "Na haikuwa mara nne. Ilikuwa mara tano. Mimi pia nilikuwa nahesabu."

Nduku alitaka kuinuka atoke, lakini nje kulikuwa nje.

"Nilikasirika," Hasina aliendelea. "Pale zahanati nilikaa na hasira usiku mzima, hata nesi aliniuliza kama nina maumivu. Nikasema nikirudi sitaongea na wewe. Halafu nikajiuliza, kama begi lingekuwa lako, mimi ningeenda mara ya ngapi. Nimejiuliza sana, Nduku. Siku nyingine najibu ya pili. Siku nyingine najibu singeenda."

"Ungeenda."

"Hujui. Hata mimi sijui." Alitupa jiwe nje ya mlango. "Wewe ulienda ya sita. Hiyo tunajua."

Nduku alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na labda kwa mara ya kwanza tangu kifo cha Nzomo. Hasina hakumkumbatia wala hakumnyamazisha. Aliendelea kuchambua ndengu mpaka Nduku alipomaliza, kisha akamsogezea ungo ili wachambue pamoja.

Ndovu wale walisukumwa mpaka ndani ya mbuga wiki hiyohiyo, na waya wa uzio uliokatika ukatengenezwa. Askari walisema wanaweza kutoka tena ukame ukizidi. Shangazi Kanini alijenga ukuta upya, safari hii kwa saruji, na akahamisha mahindi yake kwenda kwa shemeji yake karibu na shule.

Jumatatu iliyofuata Nduku alikwenda hotelini. Alitembea na mama yake, mkono ndani ya mkono kama mtoto wa chekechea, na hakujali nani anaona. Walipofika karibu na barabara kuu alitapika kichakani. Alisukutua kwa maji ya bomba la hoteli, akajifuta kwa upindo wa sketi, akaingia. Mutie alisogea kumpa nafasi kwenye benchi. Mbinya akamwonyesha walipofika. Mama Hasina aliweka chai mbele yake na akaondoka bila hotuba yoyote, ingawa ilionekana wazi ameiandaa.

Zamu yake ilipofika alisoma. Sauti ilitetemeka ukurasa wote wa kwanza. Katikati ya wa pili lori likapiga honi nje, akaruka kwenye benchi mpaka chai ikamwagika, na wanaume wawili waliokuwa wakila pilau wakageuka kumtazama. Hasina alifuta meza kwa kitambaa. Nduku alingoja moyo utulie. Haukutulia sana. Akatafuta mstari alipoachia, akauona, akaendelea.